Chozi wa Uluguru

Mimi Anselmi najua Kiswahili. Nianze na hilo, maana ndilo lililoniponza. Baba yangu alikuwa mkata miwa kule Turiani, mama alitoka mkoa mwingine kabisa, na katika zile kambi za wafanyakazi kila mlango ulikuwa na kabila lake. Sisi watoto hatukupewa kilugha. Tulipewa Kiswahili tu, na mimi nikakinoa kama panga la baba. Mtu akisema "kitabu yangu" mbele yangu, jino lilikuwa linaniuma.

Miaka kumi na saba nilikuwa karani wa masjala katika shirika moja la umma hapa Morogoro. Kazi yangu ilikuwa kufungua majalada na kuyafunga, lakini sifa yangu ilikuwa kalamu nyekundu. Barua ya mkubwa haikupigwa chapa kabla sijaisafisha. Kisha ikaja enzi ya ruksa, mashirika yakaanza kuuzwa, na siku moja na mimi nikafungwa kama jalada. Tukapewa mafao, tukapewa hotuba, tukaambiwa tujiajiri. Wenzangu wakafuga kuku. Wengine wakauza mitumba. Mimi, kwa akili zangu timamu, nikanunua Landrova kuukuu kwenye mnada wa shirika letu hilohilo nikafungua kampuni ya utalii.

Nilikuwa sijawahi kumwona tembo.

Basi bwana, nikapiga chapa kikaratasi cha tangazo: TUNAPANGA SAFARI ZA MAPENDELEO MAALUMU KWA WANANDOA, FAMILIA NA WAPENZI WA WANYAMAPORI. MGENI NJOO, MWENYEJI APONE. Nikampelekea mke wangu Yustina jikoni ajionee. Alisoma huku anakoroga ugali.

"Baba Furaha," akasema, "hawa wapenzi wa wanyamapori si watafungwa?"

"Mama Furaha, maana yake wanaowapenda."

"Ndiyo hao hao."

Nilimwona mshamba. Yustina ni Mluguru wa juu huko, mbele ya Matombo, mahali migomba inapoishia msitu unapoanzia, na kila aliposema na mimi kwa ile lafudhi yao ya kuvutavuta nilijisikia mwalimu. Yeye hakujali. Alinicheka, akapakua, tukala.

Vikaratasi nikavituma Dar es Salaam vibandikwe kwenye hosteli za misheni wanakofikia Wazungu. Miezi mitano ikapita kimya. Landrova ikawa inabeba mahindi ya jirani. Dereva wangu Luqmani, ambaye pia ndiye fundi wangu na mtu pekee aliyekubali kuniita bosi, alianza kulitamka neno hilo huku ameangalia pembeni.

Mwezi wa sita barua ikaja. Imeandikwa kwa mkono, kwa Kiswahili! Mwandishi alikuwa Bwana Henrik, Mdenishi, aliyewahi kufundisha ufundi Tanga zamani. Nimeihifadhi mpaka leo. Inasema hivi:

"Mimi na mke wangu Lise tunapenda sana chozi. Tumewatafuta miaka mingi. Tulipokuwa Amani tuliona chozi watatu. Sasa tunaomba utuonyeshe chozi wa Uluguru, ambaye hapatikani mahali pengine duniani. Tumeambiwa wanaonekana asubuhi, milimani, penye maua. Hatutasumbua mtu. Tutakaa mbali, kimya, na darubini."

Nilisoma mara mbili. Kisha nikafanya nini? Nikachukua kalamu nyekundu! "Chozi wa Uluguru" nikakata, nikaandika "chozi LA Uluguru". "Chozi watatu" nikakata, nikaandika "machozi matatu", nikaweka na alama ya kuuliza, maana machozi hayahesabiki. Nikamwonea huruma yule mzee wa watu. Miaka yote Tanga na bado ngeli zinampiga chenga.

Sasa mtaniambia: we Anselmi, hukushtuka? Nilishtuka, ndiyo. Nilikaa barazani nikajiuliza ni binadamu gani huyu anayevuka bahari kuja kutazama watu wakilia. Lakini nikajijibu mwenyewe. Haya ndiyo mapendeleo maalumu yenyewe. Mmoja anapenda simba, mwingine anapenda machozi. Na wamesema adabu yote: watakaa mbali, kimya. Asubuhi, milimani, penye maua. Penye maua ni wapi kama si makaburini? Ilinyooka kabisa. Ukiwa mjinga wa kujitegemea hakuna kitu kisichonyooka.

Nikamweleza Luqmani, lakini barua sikumwonyesha. Nilimwambia tu wageni wanataka kuona machozi ya watu wa mlimani.

"Astaghfirullahi," Luqmani akasema. "Machozi?"

"Mteja ni mfalme, Luqmani. Zama zimebadilika."

"Si waende Msamvu bosi, pale stendi kila siku watu wanalia."

"Yale ya vumbi. Hawa wanataka ya Uluguru."

Wageni walipanga kufika Alhamisi ya wiki ya pili ya Julai. Nikawajibu kwamba kila kitu kiko tayari, na hapo ndipo nikagundua kwamba nimeuza kitu nisichokuwa nacho. Msiba haupangiwi tarehe. Wiki nzima nilizunguka mjini nikiuliza habari za wagonjwa kwa sauti ya upole mpaka watu wakadhani nimeokoka.

Jumatatu ya wiki ya wageni, saa tatu asubuhi, mjomba Stefano akaingia kwangu akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Huyu ni kaka wa mama mkwe wangu, na kwa Waluguru mjomba ndiye mzee wa lukolo, yaani ule ukoo wa upande wa mama. Akisema yeye limesemwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mkwe. Yustina yuko wapi? Dada yangu hali yake si nzuri."

Bi Magdalena, mama yake Yustina, alikuwa amelazwa kwa mapafu kwenye zahanati ya misheni, akaomba arudishwe nyumbani kwake. Siku ya tatu hali chakula. Usiku anaita jina la binti yake. Yustina alitoka uani na mikono ina povu la sabuni, akasikiliza amesimama, hakulia. Akanigeukia.

"Baba Furaha, washa gari twende. Sasa hivi."

Natamani ningeweza kuwaambia kwamba nilikwenda kuchukua ufunguo. Landrova ilikuwa pale chini ya mwembe wa jirani, nzima, ina mafuta. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya mke wangu na mjomba wake, na kichwani mwangu, naapa, nilikuwa nahesabu. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi wageni wanafika. Ijumaa.

"Mjomba," nikauliza, "unadhani atafika Ijumaa?"

Maskini mzee wa watu, machozi yakamlengalenga. Alidhani ni mapenzi. "Tumwombe Mungu, mkwe wangu."

"Gari ina tatizo la breki," nikamwambia Yustina. "Barabara ya kule si ya kufanyia mzaha. Luqmani anaitengeneza. Ijumaa alfajiri tunapanda wote, na wageni wangu humohumo."

"Nitapanda lori la ndizi kesho."

"Mke wa Anselmi, mwenye kampuni ya safari, apande lori la ndizi? Watu watasemaje? Mama mwenyewe atajisikiaje?"

Hilo la mama ndilo lililomshika. Alinitazama, akatazama gari, akarudi kwenye beseni lake. Jioni nikamwambia Luqmani afungue tairi moja la nyuma aliweke kwenye matofali, ili uongo wangu uonekane unatengenezwa. Luqmani alifungua. Hakuniita bosi siku hiyo.

Siku nne zile Yustina alikuwa anatoka uani kila asubuhi anaangalia yale matofali. Hanisemeshi kwa ubaya. Anauliza tu, "Bado?" Namwambia, "Kifaa kinatoka Dar." Mimi usiku wa manane... hapana, niseme ukweli, nililala vizuri tu. Ndiyo maana nayasimulia haya.

Alhamisi wageni wakafika. Wazee wawili wembamba, miaka sitini na kitu, viatu vikubwa, darubini shingoni. Niliwapokea kwa sauti ya chini, mikono nimeifumbata, kama katekista kwenye nyumba ya marehemu.

"Bwana Anselmi," Henrik akasema, "kweli utatuonyesha? Wengi wametuahidi."

"Inategemea Mungu, Bwana Henrik."

"Ndiyo, Mungu na mvua," akacheka. "Mimi huomba tumpate hata mmoja."

"Nasi tunaomba," nikasema. Mungu wangu, nilisema hivyo.

Mkewe Lise akachangamka. "Tukiwa na bahati tutawaona wawili. Dume na jike."

Mume na mke, nikamsahihisha kimoyomoyo. Binadamu hawaitwi dume na jike. Mlango ulikuwa wazi mbele ya pua yangu, na mimi nilikuwa bize kusahihisha kitasa.

Usiku ule nikapiga chapa programu, nakala mbili, moja ya wageni kwa Kiingereza changu cha masjala (saa nne: kama mlivyoomba), moja yangu ya Kiswahili. Yangu niliikunja nikaiweka mfuko wa shati.

Ijumaa alfajiri tairi lilikuwa limerudi mahali pake. Luqmani kwenye usukani, mimi pembeni yake, wageni katikati, Yustina nyuma kabisa na kapu la machungwa, mkate na dawa za kifua. Tukapita Bigwa, tukapita Kiroka, Mkuyuni tukanywa chai. Baada ya Matombo barabara ikawa jina tu. Mara tatu tulishuka kusukuma. Yustina alisukuma kuliko sisi wote. Alikuwa amefunga kanga kiunoni na kila gari ilipokwama alikuwa wa kwanza kushuka, na kila ilipoondoka alikuwa anakimbilia mlango kabla haijasimama.

Saa nne na nusu tukakata kona ya mwisho chini ya nyumba ya mama mkwe. Na hapo tukasikia kilio.

Si kilio cha mtoto. Kile kilio chenyewe, cha wanawake wengi, kinachopanda na kushuka. Luqmani akapunguza mwendo. Na mimi, jamani, nilikuwa na karatasi yangu mkononi, nimeitoa kuangalia saa, na kitu cha kwanza kilichonipita moyoni kilikuwa ahueni. Nilitabasamu! Asilani sitasahau. Kabla ya huruma, kabla ya uchungu, nilifurahi kwamba programu imetimia. Nikageuka nyuma niwaambie wageni, na uso niliokutana nao ukawa wa Yustina.

Aliniona. Aliona tabasamu lote, mwanzo mpaka mwisho.

Akafungua mlango gari bado inatembea, akaruka, akaanguka, akainuka, akapanda kilima mbio na kiatu kimoja. Kapu lilimwagika. Machungwa yakaviringika barabarani kuelekea tulikotoka.

Basi hapo ungetegemea nitamkimbilia. La, mimi nilikuwa na wageni! Nikawashusha, nikawasogeza kwenye ukingo wa shamba la migomba, mahali pa mbali kama walivyoagiza, nikanyoosha mkono kule kunakolia. "Haya," nikanong'ona. "Machozi yale pale. Tumieni darubini."

Henrik alitazama mkono wangu. Kisha akanitazama mimi. "Bwana Anselmi, pale kuna msiba."

"Ndiyo."

"Basi tuondoke. Si adabu. Kwa nini umetuleta hapa?"

"Lakini mliandika," nikasema, na nilisikia sauti yangu inapanda. "Mliandika mnataka kuona chozi la Uluguru!"

"Chozi *wa* Uluguru," akasema Henrik polepole, kama anayemfundisha mtoto.

Kabla sijajibu, Lise akamshika mumewe mkono akaubana. Kwenye ua la mgomba, lile jekundu linaloning'inia, hatua kumi kutoka tulipo, alikuwa ametua ndege mdogo kuliko kidole gumba changu, kifua cha rangi ya moto, koo linang'aa kijani, mdomo mrefu umepinda. Anaingiza mdomo ndani ya ua, ananyonya, anatoa, anatazama huku na huku. Wale wazee walisimama hawapumui. Henrik machozi yalikuwa yanamtoka, yale ya kweli, ya kwangu ya ngeli ya LI na YA.

"Chozi," akanong'ona.

Mjomba Stefano akashuka kutoka kilimani kutupokea, amevaa koti. Nikasahau hata shikamoo. "Mjomba, ni... ni yeye?"

"Nani? Aa! Ni mzee Kasiani, jirani. Alianguka shambani jana. Dada yangu tangu juzi jioni anakula. Yuko nje anaota jua."

Nilimfuata hadi uani. Bi Magdalena alikuwa amekaa kwenye mkeka, amejifunika blanketi mpaka masikioni, bakuli la uji mkononi, amekonda ila macho makali. Yustina alikuwa amejilaza mapajani pake kama mtoto, analia mpaka mabega yanaruka. Mimi mkwe sikusogea. Nilichuchumaa mbali kama inavyonipasa, nikasalimia nimeangalia chini.

"Marahaba," akasema bibi. "Wageni wako wanatafuta nini kwenye migomba yangu?"

Stefano akamjibu kwa niaba yangu. "Wanataka kumwona chozi, dada."

"Chozi? Huyu anayeninyonyea maua yangu kila siku? Si wangekuja tu." Akanywa uji. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kumbe ni kweli."

Watu wote wakacheka. Stefano alimjua chozi. Watoto waliokuwa pale walimjua chozi. Luqmani, aliyezaliwa mjini, naye alimjua; baadaye aliniambia, "Ungenionyesha barua, bosi." Hata Yustina alikuwa anamjua tangu hajaanza kutembea. Katika Uluguru nzima asiyemjua alikuwa mtu mmoja tu, bingwa wa Kiswahili kutoka masjala.

Na mimi nikacheka. Nilidhani mambo yamekwisha vizuri. Nilipoinua macho Yustina alikuwa amesimama mbele yangu. Akanyoosha mkono akachukua ile karatasi, ambayo bado nilikuwa nimeishika, nimeisahau. Akasoma. Najua alichosoma maana niliipiga chapa mwenyewe, herufi kwa herufi: *Siku ya pili, saa nne asubuhi. Machozi. Kwa Bi Magdalena (mgonjwa), kama atakuwa amefariki. La sivyo, kutembelea misheni.*

Alisoma mpaka mwisho. Akaikunja ndogo, akaifunga kwenye pindo la kanga.

"Kwa hiyo ndiyo maana ikawa Ijumaa," akasema.

Hakusema kwa mama yake. Hakusema kwa mjomba, ambaye kwa neno moja tu angenifukuza mlima mzima. Alikaa kule wiki mbili, akarudi, akapika, akanicheka kama zamani nilipostahili kuchekwa. Wale Wadenishi walisifu kampuni yangu huko kwao na wenzao wakaja, mwaka kwa mwaka, na mimi nikajifunza ndege arobaini na wawili kwa majina yao na miito yao. Bango langu sasa lina picha ya chozi. Nimewahi hata kumwona tembo.

Nikichelewa kurudi nyumbani, Yustina alikuwa anasema, "Basi, Ijumaa." Nikiahidi kuezeka jiko, "Ijumaa, siyo?" Watoto walidhani ni utani wa nyumbani, nao wakaupokea. Nikawa nacheka nao. Ungefanyaje?

Bi Magdalena aliishi miaka tisa baada ya hapo. Alikufa wakati wa masika, siku ya Jumanne. Habari ilimkuta Yustina kanisani, jumuiya ndogondogo, na mimi nilikuwa kwenye kibanda changu cha ofisi pale Msamvu, mwendo wa dakika ishirini kutoka nyumbani, sina mgeni hata mmoja siku hiyo. Niliporudi mchana jirani ndiye aliyenipa pole. Aliniambia mke wangu ameondoka tangu asubuhi, ameonekana Bigwa anapanda lori la ndizi linalorudi tupu.

Nilitoka uani. Ufunguo ulikuwa kwenye msumari wake. Gari ilikuwa pale pale chini ya mwembe, tangi limejaa, na matairi yote manne.